SOMO LA BIOLOJIA: NDEGE WANAOTAGA CHINI NA MOTO WA KIANGAZI

Darasani tumejifunza makao ya wanyama. Lakini kuna ndege ambao makao yao yanageuka kwa majira. Tuwaangalie wanaotaga chini, bila kiota cha mtini, katika parke zetu za Katanga: Upemba (ya mwaka 1939) na Kundelungu (ya 1970).

Kwetu mwaka iko na sehemu mbili: kiangazi toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, halafu mvua. Ndege hana kalenda ingine.

Kanga munamujua wote, hata kwa sahani. Wakati wa jua wanatembea kundi kubwa, karibu na maji. Mvua ikianza, kundi linavunjika, kila dume na jike lake. Jike anakwaruza shimo dogo ndani ya majani marefu, anataga mayai 6 mpaka 12, anayalalia karibu juma 4.

Mwingine ni kinyume kabisa. Kwa Kifaransa anaitwa courvite de Temminck: mdogo, miguu mirefu, anapenda kukimbia kuliko kuruka. Yeye anatafuta mahali palipoungua! Anaweka mayai 2 juu ya udongo mweusi, na mayai yenyewe ni ya giza, unaweza kuyapita bila kuyaona. Majani yakiota tena, anahama.

Basi tusiseme kila moto ni adui. Moto wa mwezi wa tano au wa sita, majani yangali mabichi kidogo, unapita pole na kuacha vipande. Moto wa mwezi wa tisa na wa kumi unakula yote, na miti midogo pia. Nani anauwasha? Mara nyingi ni vijana wenye kutafuta panya, tuseme wazi, wa umri wetu.

Na hiyo ndiyo miezi ya ndege wa tatu, engoulevent porte-étendard, yule wa usiku anayelala barabarani, macho yakiwaka mbele ya gari. Wakati wa kuzaa, dume anaota unyoya mrefu kwa kila bawa, kupita sentimetre 50. Jike anataga mayai 2 juu ya majani makavu ya pori, hakwaruzi hata shimo. Rangi ya mwili wake ndiyo maficho yake. Moto ukija, yeye anaruka, mayai yanabaki.

Ju ya nini anachagua wakati mubaya vile? Ju ya kumbikumbi. Mvua za kwanza zinawatoa ardhini, na watoto wake wanapata kula.

Mwaka mupya ukiingia, anavuka ikweta kwenda majani ya kaskazini, Uganda na Sudani, mvua ya kule ikikaribia. Manyoya marefu ya dume yamekwisha kuanguka. Mwezi wa saba na wa nane wanarudi kwetu. Kwa hiyo walinzi wa Upemba wanamchunga paka sehemu moja ya mwaka. Ingine iko mikononi mwa watu wa mbali, nao wanachoma majani sawa sisi.