Mwalimu Amu na Nyimbo za Kwao



Somo letu mwezi huu lamhusu Ephraim Amu, aliyezaliwa mwaka 1899 huko Peki, katika nchi iitwayo leo Ghana. Wakati ule Waingereza waliitawala, nayo iliitwa Gold Coast.

Amu alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Wapresbiteri, Akropong. Huko nyimbo nyingi za kanisani zilikuwa na maneno ya Kitwi juu ya tuni za Ulaya. Katika Kitwi, kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Neno "papa" kwa sauti moja ni baba, kwa sauti nyingine ni wema. Tuni ikipanda pale neno linaposhuka, mwimbaji husema asilokusudia.

Basi Amu alisikiliza kwanza jinsi neno linavyosemwa, kisha akalitungia tuni ya kulifuata. Mpango wa sauti nne alioupata kwa Wazungu hakuutupa. Aliutumia kwa lugha ya kwao. Mwaka 1929 akatunga "Yen Ara Asaase Ni", wimbo unaowaambia watu kwamba nchi waliyoachiwa na wazee ni yao, na ni wajibu wao kuijenga. Chini ya ukoloni, hilo lilikuwa neno zito.

Alipohubiri amevaa nguo ya asili, wakubwa wa kanisa hawakupendezwa, na mwaka 1933 akaondolewa chuoni. Hata hivyo hakuacha imani wala kutunga. Alifundisha Achimota, na mwaka 1937 akaenda kusoma muziki London. Alifariki mwaka 1995, na wimbo wake Waghana wanaupenda hata leo.

Nasi je? Kiswahili chetu kina mkazo. "Barabara" ya kupita na "barabara" ya sawasawa hutofautishwa na mkazo tu. Tuni ngeni ikiuhamisha mkazo, msikilizaji hubaki na sauti tamu bila ujumbe. Wanakwaya, kabla ya kuimba, someni maneno kwa sauti ya kawaida, kisha msikilize kama tuni inayatii.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini vazi na wimbo viliwatia hofu wakubwa wa Amu?
2. Ni wimbo gani tunaouimba ambao maneno yake hayasikiki vema? Tufanyeje?