Mtoto Wetu Akiitwa Chuo Ng'ambo: Mafunzo ya Wakati wa Korona

Lengo la somo: Kufikia mwisho wa somo hili, wanakikundi waweze kueleza yaliyowapata wanafunzi wa ng'ambo wakati wa korona, na wajue maswali ya kuuliza kabla ya kuchanga pesa.

Kwa kiongozi wa somo: Anza kwa kuuliza, "Ni nani kati yetu amewahi kutoa kwenye harambee ya mwanafunzi anayeenda ng'ambo? Je, alifika?" Wape watu dakika kumi wazungumze.

1. Milango ilifungwaje?

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha, ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, na hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 1 Agosti. Ng'ambo nako mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Marekani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni moja. Tarehe 20 Machi 2020 balozi zake zilisimamisha kazi ya kawaida ya viza. Halafu tarehe 6 Julai serikali ikatangaza kwamba mwanafunzi ambaye chuo chake kinafundisha kwa intaneti peke yake aondoke nchini, ama ahamie chuo chenye masomo ya darasani. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vilikwenda kortini siku mbili baadaye. Tarehe 14 Julai serikali ikaiondoa amri hiyo. Lakini wanafunzi wapya waliokuwa bado makwao hawakupona: kama masomo yao yote yalikuwa ya intaneti, hawakuruhusiwa kuingia.

Uchina ilifunga mpaka kwa wageni tarehe 28 Machi 2020, hata wale wenye kibali cha kukaa. Wanafunzi waliokuwa wamekuja likizo wakabaki nje. Walianza kuruhusiwa kurudi mwezi wa Agosti 2022. Hebu fikiria: zaidi ya miaka miwili! Darasa likianza saa mbili asubuhi Beijing, hapa kwetu ni saa tisa usiku. Na anayesomea udaktari atajifunzaje kumpima mgonjwa kwenye simu?

Uingereza iliiweka Kenya katika orodha nyekundu kuanzia tarehe 9 Aprili 2021 hadi tarehe 22 Septemba mwaka huo. Mwanafunzi mwenye viza aliweza kuingia, lakini ilimbidi akae siku kumi katika hoteli iliyochaguliwa na serikali, kwa gharama yake. Mwanzoni malipo yalikuwa pauni 1,750, yaani zaidi ya Sh 250,000 za wakati huo. Hakuna kamati ya harambee iliyokuwa imeweka hesabu hiyo.

2. Mfano wa kujadili

Huu ni mfano tu. Tuseme kikundi kilichanga Sh 180,000 mwezi wa Februari 2020 kwa msichana aliyeitwa chuo cha Marekani. Machi, ubalozi ukasimamisha viza. Kikundi kikakutana.

"Mwenyekiti," akasema mwanachama mmoja, "mimi niliuza mbuzi. Kama mtoto haendi, nirudishiwe pesa yangu."

"Mama, pole," akajibu mwenyekiti. "Mweka hazina, hebu tusomee daftari."

Sh 60,000 zilikuwa zimetumika kwa pasipoti, malipo ya viza na nauli za kwenda Nairobi. Zilibaki Sh 120,000. Baba wa msichana aliomba zisubiri. Wengine walitaka zigawanywe siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa na kosa. Kosa lilikuwa moja: siku ya kuchanga, hakuna aliyeuliza, "Na safari ikikwama, je?" Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Lakini hapa daftari lilikuwepo. Kilichokosekana ni mapatano.

3. Tunajifunza nini?

(a) Barua ya kuitwa chuo si viza, na viza si ruhusa ya mwisho. Mpaka unaweza kufungwa hata kwa mwenye karatasi zote.

(b) Malipo ya kuomba viza hayarudishwi ukinyimwa. Basi kikundi kiyahesabu kama pesa iliyokwenda.

(c) Ulizeni chuo kwa maandishi: Nafasi inaweza kusogezwa mpaka mwaka ujao? Karo itarudishwa mwanafunzi asipofika? Na kama ana msaada wa masomo, utaendelea akisoma akiwa nyumbani?

(d) Karo ilipwe moja kwa moja kwa chuo, na risiti iletwe kwa kikundi. Msimpe mtu wa kati pesa mkononi.

(e) Wekeni akiba ya dharura. Pesa zote zisiishie kwenye tiketi.

(f) Andikeni mapatano kabla ya kuchanga. Safari ikikwama, pesa zitawekwa benki kwa muda gani? Zitarudishwa, au zitamlipia mtoto chuo cha hapa nchini? Mzazi, mwenyekiti na mweka hazina watie sahihi.

Msimwache mwanafunzi mwenyewe. Aliyeagwa na kijiji kizima kisha akabaki nyumbani huona aibu, ingawa hakukosa lolote. Mpeni kazi katika kikundi, mtembeleeni, na msimfanyie mzaha.

Maswali ya kikundi

1. Katika mfano wetu, ninyi mngefanya nini na zile Sh 120,000? Kwa nini?
2. Kikundi chenu kina mapatano yaliyoandikwa kuhusu michango ya masomo? Kama hakuna, nani atayaandika, na lini?
3. Kuna mwanafunzi kijijini aliyekwama hivi? Tutamsaidiaje mwezi huu?

Kazi ya nyumbani: Kila mwanachama aje na sharti moja analotaka liwekwe katika mapatano. Mkutano ujao, yasomeni yote na mpige kura.