Alama ya Puli Ikidanganya: Taimingi ya Corolla 110 kwa Kijiti cha Mshikaki

Corolla 110 ya ami yangu, ile ya injini ya 5A, ilitoka gereji na belti mpya ya taimingi, lakini nguvu haina. Hapa kisiwani Mombasa kwenye tambarare huwezi kuona kasoro. Ipandishe Mazeras, malori ya bandarini yakupite, ndipo utajua. Ikisimama kwenye taa ilitetemeka hadi kioo cha ndani kikacheza. Fundi akarudishiwa. Akafungua kifuniko, akatuonyesha alama zote zimekaa, akazungusha distributa kidogo, akadai pesa nyingine. "Ami, gari ni ya zamani," akamwambia mzee. Neno hilo liliniudhi kuliko pesa zenyewe. 5A iliyofungwa vizuri haitetemeki, iwe ya mwaka gani.

Nikaiegesha Ndia Kuu, penye nafasi, maana vichochoro vya Kibokoni hata mlango haufunguki. Betri, belti za nje na vifuniko siandiki, mnayajua. Tuanze na alama. Kwenye 5A, mkato wa puli kubwa ya kirenki hutazama sifuri ya kifuniko cha chini, na ukichungulia tundu dogo la puli ya kamu lazima uione alama ya nyuma yake. Kirenki huzunguka mara mbili kamu ikizunguka mara moja. Basi chini kukikaa na juu kukikataa, ongeza mzunguko mmoja. Za ami zilikaa zote. Fundi alionyesha alichokiona. Puli ndiyo iliyodanganya.

Puli hiyo si chuma kimoja. Kitovu kimeshika kirenki, duara la nje ndilo lenye alama, na katikati mna raba ya kutuliza mtetemo. Raba ikichoka kwa joto na mafuta, duara huteleza na alama huenda nalo. Hata taa ya kupimia taimingi husoma alama hiyohiyo, kwa hivyo kila kipimo kilitoka safi.

Hapa ndipo kijiti cha mshikaki kinapoingia. Toa plagi zote nne, kirenki kizunguke laini. Kwenye tundu la silinda ya kwanza, ile ya upande wa belti, tumbukiza kijiti kirefu cha mwanzi kisicho na ufa. Wengi hutumia spoki ya baiskeli. Siipendi, hukwaruza kichwa cha pistoni. Shika kijiti wima kwa mkono mwepesi, kisibane. Zungusha kirenki polepole kwa mwendo wa saa, ukikitazama kutoka upande wa belti. Kijiti kitapanda, na kikifika juu kitatulia huku kirenki kikiendelea kusogea kidogo. Watu hukisia hapo, na kukisia hapo ni kupoteza jino zima. Kijiti kikiwa bado kinapanda, kipige mstari wa kalamu usawa wa mdomo wa tundu, halafu utie nukta nyeupe kwenye puli, mkabala na sifuri. Endelea kuzungusha: kitapanda, kitatulia, kitashuka. Mstari ukirudi usawa uleule, tia nukta ya pili mkabala na sifuri. Pima kwa uzi ukifuata mviringo wa puli. Katikati ya nukta mbili ndiyo juu halisi ya pistoni. Usiupige mstari karibu sana na kilele, maana pale pistoni haisogei vya kutosha na nukta hazitaaminika.

Ya ami ilitofautiana na alama ya kiwandani kwa upana wa kidole. Bolti ya puli ilishikwa na kutu ya chumvi, kijana wa jirani akaniletea bomba la kurefusha spana. Puli ilipotoka, alama ya gia ya ndani na ile ya pampu ya oili zikakubaliana na kijiti.

Kufunga upya ni kwepesi: belti ikaze kwanza upande usio na tensheni, legeza tensheni springi ivute, zungusha kirenki mara mbili kwa mkono, hakiki, kaza. 5A haigongi vali belti ikiruka. Hiace za dizeli za 3L na 5L hugonga, kwa hivyo huko kirenki na kamu visizungushwe kila kimoja kivyake.

Belti yenyewe niliitupa. Boksi lilikuwa na jina kubwa, lakini maandishi ya mgongoni yalifutika kwa kidole gumba, na muuzaji aliapa ni halisi. Mimi hununua Bando au Mitsuboshi, kampuni zote mbili za Kobe, na kwa duka linaloniruhusu kufungua boksi kabla ya kulipa.

Puli nilitafuta ya mtumba. Muuzaji wa kwanza hakutaka niguse kitu. Wa pili, kijana mwenye subira, aliniachia nipange puli zake sakafuni, mifereji ya kabari yote ikitazama upande mmoja, nilinganishe mikato. Zilizohama zilionekana papo hapo. Alizitenga mwenyewe, akasema hataziuza.