Mbele ya kununua kamioneti ya umeme ya okazyo: pima batri, usipime rangi



Katika jarida hili nimezoea kuwaandikia juu ya mozaiki ya mihogo, kukausha mpunga, na mawese yanayochacha mbele ya kufika soko. Mara hii naandika juu ya gari. Msishangae. Mazao yetu ya Itebero yanaoza njiani kuliko yanavyooza shambani, na mwaka huu komite tatu zimeniuliza swali moja: “Agronomu, kuna kamioneti ya umeme wanauzisha kule mjini, haikunywa mazuti, bei iko muzuri. Tuchukue?”

Mimi siko mekanisie. Lakini komite moja iliniomba niwasindikize, nikaenda, na yale niliyoyaona nataka yawafikie wengine mbele hawajatoa hata avansi. Feza walizobeba zilikuwa za mawese ya misimu miwili. Kuna mama mmoja kati ya wajumbe aliyekuwa anashika mfuko ule kama mtoto mgonjwa.

Gari yenyewe ilikuwa ndogo, ya Kichina, nyeupe, imeoshwa mpaka pine zinang’aa. Komisioneri alifungua mlango, akawasha, kioo kikaandika asilimia 100. Akasema: “Munaona? Batri imejaa, gari ni mupya.” Wajumbe wakafurahi. Na mimi karibu nifurahi.

Sasa tuliza roho, tufikirie bidoni ya mawese. Bidoni ya litre 20 ikiwa mupya inaingiza litre 20. Ukiiminya, ikabonyea pande zote, au mashapo yakaganda chini, bado utaijaza mpaka mdomoni na utasema imejaa. Imejaa kweli. Lakini ndani mnaweza kuwa litre 13 tu. Ile asilimia 100 ya kwenye kioo inakuambia bidoni imejaa. Haikuambii ni bidoni ya litre ngapi. Na hapo njo pesa yote ya gari ya umeme iko.

Kwa gari ya mazuti tumezoea kuuliza kilomita: imetembea ngapi, inakula oile, inatoa moshi wa rangi gani, asubuhi inawaka mara moja? Moteri ya umeme haina pistoni, haina oile ya kubadilisha kila mara, haina enjektere wala filtre ya mazuti. Vipande vinavyozunguka ni vichache, kwa hiyo moteri yenyewe ni nadra iwe ndiyo shida ya kwanza. Kinachozeeka ni batri, na batri inazeeka hata gari ikisimama. Inazeeshwa na miaka, na joto, na kushariji kwa nguvu kila siku, na kuachwa imejaa kabisa au tupu kabisa kwa wiki nyingi. Kwa hiyo gari yenye kilomita kidogo iliyolala miaka 4 kwenye jua la bandarini inaweza kuwa mbaya kuliko ile iliyotembea kila siku na kutunzwa.

Kenya wamepitia somo hili mbele yetu kwa gari ndogo ya Nissan Leaf, ambayo nyingi zinaingia zikiwa za okazyo kutoka Japani. Leaf ilianza kuuzwa mwaka 2010, na batri yake inapozwa na hewa tu, si na maji. Kwenye nchi za joto zile za kwanza zilichoka haraka. Kwenye kioo chake kuna vijiti 12 vya kuonyesha afya ya batri. Mtu akiona 11 anasema “kimoja tu kimepotea”. Kumbe kijiti cha kwanza kinapotea wakati uwezo umeshapungua karibu asilimia 15! Na kuna wauzaji wanaojua kufuta ukumbusho wa ile kompyuta, vijiti vyote 12 vikarudi kwa muda, mpaka mnunuzi afike kwake. Kwa hiyo kioo cha gari ni shahidi wa muuzaji. Ninyi tafuteni shahidi wenu.

Mashahidi wako wawili. Wa kwanza ni kale kamashine kadogo kanakochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa bluetuthi. Kwa gari nyingi kanasoma afya ya batri kwa asilimia, na nguvu ya kila seli. Angalia hasa tofauti kati ya seli na seli. Batri ni seli nyingi zimefungwa mlolongo mmoja, sawa vile watu wanaobeba mti mkubwa: mmoja akichoka, wote wanasimama. Seli zote zikiwa karibu sawa, vizuri. Moja ikiwa chini mbali na zingine, hasa batri ikikaribia kuisha, gari itazimika njiani hata kioo kikisema kumebaki asilimia 20. Lakini gari nyingine za Kichina hazikubali kuongea na ile mashine, na muuzaji naye anaweza kusema hana.

Shahidi wa pili hana siasa: ni kompteri ya umeme. Hii njo tuliyotumia sisi. Tulikopa kompteri ndogo kwa fundi wa umeme, tukaiweka kati ya ukuta na kamba ya kushariji. Tukaendesha gari mpaka asilimia 20, tukaishariji mpaka 80, tukasoma kompteri imehesabu ngapi. Ilichukua usiku mzima, na umeme ulikatika mara mbili, tukalala pale pale kwenye viti. Hesabu yenyewe ni hii.

Karatasi ya gari iliandika batri ya kilowati-saa 40 ikiwa mupya. Kutoka 20 mpaka 80 ni asilimia 60, ni kusema kilowati-saa 24 zingeingia ndani ya batri. Kifaa cha kushariji kinapoteza karibu sehemu moja kwa nane kama joto, kwa hiyo kompteri ingesoma 27 hivi. Ilisoma 18. Toa sehemu moja kwa nane, kunabaki karibu 15.7. Gawanya kwa 0.6: 26. Batri ya 40 imebaki 26. Asilimia 65.

Ninyi munajua jaribio la kuota. Tunachukua mbegu 100, tunazifunika kwa kitambaa chenye maji, tunahesabu zilizotoa mche. Hakuna anayenunua mbegu kwa kuangalia uzuri wa mfuko. Mbegu zikiota 65 kwa 100, bado unaweza kuongeza mbegu kwenye shimo. Batri haiongezwi. Kubadilisha nzima ni bei inayoweza kukaribia bei ya ile gari ya okazyo yenyewe, tena mpaka uipate.

Komisioneri aliposikia 65 alisema wazungu wanatoa garantii ya miaka 8. Ni kweli, wenye viwanda wengi wanaahidi miaka 8 au kilomita 160,000 kwa batri. Lakini ahadi ile kwa kawaida inafanya kazi kwa nchi yenye wakala wao. Tuliomba jina la mtu wa kutengeneza hapa, na anwani. Alianza kuongea juu ya bei.

Turudi Itebero na ile 26. Kwenye lami tambarare, gari ndogo ya umeme inaweza kutumia kilowati-saa 20 kwa kilomita 100. Barabara yetu munaijua: matope, milima, mashimo, na muzigo wa mihogo nyuma. Tuweke 35. Tusishuke chini ya asilimia 15, kwa hiyo tuna 22 za kutumia. Ni kilomita 63. Kwenda na kurudi bila kushariji ni kilomita 30 hivi kila upande, na mvua ikikushika na gari ikazama, hata hizo hazipo. Bukavu hufiki. Kwa masoko ya karibu, inawezekana.

Halafu utaishariji na nini? Swali hili njo lilinyamazisha mkutano. Plake moja ya jua ya wati 400, tukihesabu masaa 4 ya jua la kweli, na kutoa hasara, inaleta kilowati-saa 1.2 kwa siku. Plake 10 zinaleta 12. Kujaza ile batri iliyochoka ni siku mbili na zaidi, na kwenye msitu wetu kuna wiki jua linachungulia tu. Mtu mmoja akasema tutumie grupu. Grupu ndogo inatoa karibu kilowati-saa 3 kwa litre moja ya mazuti. Kujaza batri kutoka tupu, pamoja na hasara, unahitaji 30 kwenye ukuta: litre 10. Na litre 10 zinapeleka kamioneti ya mazuti kilomita 70 au 80 kwenye barabara mbaya, moja kwa moja, bila kulala. Utakuwa umenunua gari ya umeme inayokula mazuti kwa mlango wa nyuma. Kama kijiji kina turbini ndogo ya maji inayofanya kazi usiku na mchana, hapo hesabu inabadilika kabisa, na mimi ningekuwa wa kwanza kusema muangalie. Ndiyo sababu hata mahali pa umeme wa maji kama ule wa Matebe, Rutshuru, uliozinduliwa mwaka 2015 na megawati zake 13.6, gari ya namna hii ina maana kuliko kwetu.

Mambo mengine ya kuangalia, haraka haraka. Lala chini ya gari na toshi. Sanduku la batri liko pale chini. Likibonyezwa na jiwe, likiwa na kutu kwenye vifungo au gundi mupya kwenye maungio, simama hapo hapo. Sanduku mupya linavumilia maji, lililopasuka halivumilii mto hata mmoja. Kamba nene za rangi ya machungwa ni za umeme mkubwa, unaua: angalia kwa macho, usiguse, na usiruhusu fundi wa moto azifungue kwa sababu “anajua umeme”. Ziwe hazikuungwa kwa skochi. Kamba ya kushariji iwepo, iwe ya gari ile ile; mdomo wa Kichina, wa Japani na wa Ulaya haziingiliani. Lugha ya kioo pia: ya kwetu ilikuwa Kichina kitupu, na taa ya onyo ilikuwa inawaka, hakuna aliyejua inaonya nini.

Pine na suspansio ziangalie zaidi kuliko kwa gari ya kawaida, maana batri ni nzito. Freni vilevile: gari ya umeme inajizuia kwa moteri, disiki zinaweza kupata kutu kwa kukosa kazi. Pandisha mlima na muzigo, siyo na komisioneri peke yake kwenye kiti. Ikipunguza nguvu yenyewe katikati ya mlima, batri imechoka au imepata joto. Na kama gari haiwaki kabisa, usikimbie mbele ya kupima ile batri ndogo ya volti 12. Ikifa hiyo, gari nzima inanyamaza hata kama batri kubwa imejaa. Ni ugonjwa mdogo wa bei ndogo, na mara kwa mara mtu anauza gari kwa hasara kwa sababu yake.

Uliza pia batri ni ya namna gani. Zile za fosfati ya chuma hazina kobalti wala nikeli, zinavumilia kushariji mara nyingi zaidi, ingawa ni nzito kwa nguvu ile ile. Za kobalti ni nyepesi ila zinaogopa joto zaidi. (Kobalti inatoka Kolwezi kwetu, na bati ya kuunganisha vyuma vya ile kompyuta labda ilipita kwenye mgongo wa kijana wa Bisie, hapa Walikale. Halafu inaturudilia ikiwa imechoka, na tunailipia. Tuyaache hayo.)

Jirani zetu wa Rwanda wamefanya jambo moja la akili. Kigali, tangu 2019, kuna motari za umeme za Ampersand: dereva hanunui batri, anabadilisha iliyoisha na iliyojaa, analipa umeme. Na mwaka 2021 kampuni ya OX ilianza kubeba mazao ya wakulima kwa kamioneti za umeme, mkulima alilipa nafasi ya muzigo wake tu. Pande zote mbili, batri ikichoka ni hasara ya kampuni, siyo ya mwenye mihogo.

Ndiyo njia komite ile ilichagua kwa sasa. Muuzaji alikataa masharti mawili: alipwe nusu, na nusu ingine baada ya miezi 3 kama kompteri bado inasoma kiasi kile kile. Wakarudi na mfuko wao. Wanakodi nafasi kwenye lori inayopita, wanaandika kila safari kwenye kaye: tarehe, kilo, bei, na muzigo ulioharibika. Mwishoni mwa msimu tutakaa na ile kaye tuone kama koperative inahitaji gari yake kweli, na ya kilomita ngapi kwa siku. Komite ingine yoyote inayotaka kompteri, fundi yule amekubali kutukopesha tena. Mniarifu wiki moja mbele.