Ampu ya Wati 50, Ghorofa ya Nne

Wadogo zangu, barua ya wiki hii imetoka Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya nne. Mwandishi ni kijana anayeuza duka mchana. Usiku anashika gitaa, na Jumapili anapiga solo kanisani. Amebahatika kupata ampu ya valvu ya wati 50, mtumba, nzito kama gunia la mchele. Akiiwasha tu, jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa fagio. Jirani mwenyewe ni mama wa samaki wa kukaanga. Saa kumi alfajiri lazima awe Feri, pale Kivukoni, kuwahi mnada, kwa hiyo saa mbili usiku ameshalala. Kijana wetu naye anafunga duka, anakula, na saa tatu ndiyo anachomeka gitaa. Ameambiwa kuna kidude kinaitwa atenyueta, kinakaa kati ya ampu na spika na kukata makelele. Anauliza: "Dada, ninunue ipi?"

Mdogo wangu, kaa kwanza. Dada yako nimepiga rizimu kwenye bendi za ukumbini miaka tisa kabla sijahamia kona hii kujibu habari za mawifi na wachumba, na kwa kweli swali lako limenipa raha kuliko yote ya mwezi huu. Ila siwezi kukuambia "ipi" kabla hatujaangalia unatafuta sauti gani.

Nieleze kwa nini. Ampu ya valvu ina valvu ndogo za mbele, zinazokuza sauti ya gitaa, na valvu kubwa za nyuma, EL34 au 6L6 kwa ampu ya ukubwa wa kwako, zinazosukuma spika. Ukifungua volyumu mpaka zile za nyuma zielemewe, zinaanza kulikata wimbi la sauti juu na chini. Hapo noti inanona, inakwaruza kidogo, ukigusa kwa nguvu inafoka na ukigusa taratibu inatulia. Wapiga bluzi na roki wanaililia sauti hiyo. Haipatikani volyumu ikiwa kwenye moja, na ikipatikana, mtaa mzima unajua. Atenyueta inakuruhusu uifungue ampu hadi ielemewe, kisha inazila wati nyingi na kuzigeuza joto kabla hazijafika kwenye spika. Kazi yake ni hiyo tu.

Sasa kama unachopiga ni dansi, huihitaji kabisa. Sikiliza gitaa la Mbaraka Mwinshehe, au magitaa ya bendi za Sikinde na Msondo yanavyosukana: ni sauti safi, kila uzi unausikia peke yake, hakuna valvu iliyoelemewa pale. Sauti safi inapungua vizuri kwa kitufe cha volyumu ambacho tayari umekilipia. Enzi za NUTA Jazz, ndiyo Msondo, tangu 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, ndiyo Sikinde, iliyoanza 1978 baadaye ikawa chini ya shirika la DDC, vyombo vikiwa vya shirika. Ampu ilibaki kazini. Ukitaka kufanya mazoezi nyumbani unashika gitaa kavu, au la umeme bila kulichomeka, unakaa nalo kitandani ukilisikiliza kwa mifupa. Vidole vilivyowachezesha watu ukumbi wa DDC Kariakoo vingi vilijifunza hivyo.

Lakini umeandika kwamba siku za kazi unapiga bluzi, na kwamba "bila kufungua hadi saba haina utamu". Basi sawa, wewe ni mteja halali. Tuendelee.

Geuza ampu nyuma. Penye tundu la spika pameandikwa namba: omu 4, 8 au 16. Na boksi la spika lina namba yake. Atenyueta unayonunua lazima ikubaliane nazo zote mbili. Nyingine zina swichi ya kuchagua, kama Bugera PS1. Nyingine zina namba moja tu, kama zile Hot Plate za THD, kila moja na omu zake, na ukiazima ya rafiki yenye omu tofauti umeazima balaa. Ampu ya valvu ina transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo imesukwa ikitegemea mzigo maalumu mbele yake. Mzigo ukikosekana, volteji inajirudi ndani na kupasua pa kupasukia.

Nalijua hilo kwa gharama. Mwaka wangu wa pili kwenye bendi nilipanga chumba karibu na Kivukoni, unasikia honi ya pantoni hadi kitandani. Usiku mmoja nikaona nina akili: nikachomoa waya wa spika, nikafungua ampu ya bosi hadi mwisho, nikawa nasikiliza nyuzi tu. Kimya kizuri. Baada ya dakika kumi hivi ikanukia kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, kisha cheche, kisha giza. Fundi wa kusuka mota kule Gerezani aliifungua ile transfoma, akanionyesha waya mweusi kama mkaa, akaniuliza nani amenifundisha. Aliisuka upya kwa siku nne. Mshahara wangu wa miezi miwili ulipita kwenye waya huo. Kwa hiyo, mdogo wangu, ampu ya valvu haiwashwi bila spika au mzigo ulioshikamana vizuri. Na ule waya wa kwenda kwenye spika usiwe wa gitaa. Wa gitaa ni mwembamba ndani, umetengenezwa kubeba sauti changa. Hapa unahitaji waya wa spika, mnene.

Habari ya wati ni fupi. Ampu iliyoandikwa 50, ikifunguliwa hadi ielemewe, inatoa zaidi ya 50. Nunua atenyueta ya 100. Joto lake ni la kweli: fikiria balbu ya zamani ya wati 60 uliyowahi kuigusa kimakosa, kisha uifungie kwenye boksi la chuma, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Isiwekwe juu ya ampu wala nyuma ya pazia, na usiikunjie kanga juu yake ili "isipate vumbi". Ndiyo, nimeona mtu akifanya.

Sasa tufike wanapolia wengi. Sikio halihesabu kama mita ya Luku. Ukishusha kutoka wati 50 hadi 5, umeondoa sehemu tisa kati ya kumi za nguvu, lakini kwa desibeli ni 10 tu, na sikio linasema: imepungua nusu. Shusha tena hadi nusu wati, desibeli 20 zimeondoka, sikio linasema: robo. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa desibeli 97 hadi 100 kwa wati moja tu, ukisimama mita moja mbele yake. Kwa wati 50 ongeza 17. Basi ampu yako ikiwa imefunguka iko kwenye 115 na ushee. Ondoa 20, unabaki na 95. Watu wawili wakiongea mezani ni kama 60. Kwa hiyo kifaa kama Captor ya Two Notes, ambacho kwenye tundu lake la spika kinashusha desibeli 20 na basi, ni kizuri kwa ukumbi mdogo na ni kizuri kanisani. Kwa ghorofa ya nne saa tatu usiku, mama wa samaki bado ameshika fagio.

Kwa usiku unahitaji kimojawapo kati ya viwili. Cha kwanza ni kile kinachokula nguvu yote ya ampu, halafu kinaikuza upya kwa ampu yake ya ndani, ukichagua mwenyewe kiasi, hata mnong'ono. Fryette Power Station ni cha aina hiyo, na Boss walitoa cha kwao, Waza Tube Amp Expander, mwaka 2019. Bei yake, mdogo wangu, inaweza kuzidi ya ampu uliyonunua. Cha pili ni kasha la mzigo lenye tundu la hedifoni ambalo linaiga sauti ya boksi la spika, kama OX ya Universal Audio au Captor X. Spika hailii kabisa, ampu inaungurumia ndani ya kasha, na wewe unasikia masikioni. Hilo halimwamshi mtu.

Utasikia pia watu wakisema "riaktivu". Kasha la bei nafuu lina rizista tupu, na rizista ni mzigo ulionyooka: noti za chini, za juu, kwake ni sawa. Spika ya kweli haiko hivyo. Inapinga zaidi kwenye besi fulani na zaidi tena kadiri noti zinavyopanda, na ampu inajibu upinzani huo. Ni mazungumzo ya pande mbili. Kasha la riaktivu lina koili ndani kuiga tabia hiyo. Ukishusha kidogo, desibeli sita hivi, tofauti ni ndogo. Ukishusha sana, la rizista linaanza kusikika kama gitaa limefunikwa blanketi. Ila usiitupie lawama yote atenyueta. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson, kule Marekani, walipima na kuonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio lenyewe linapoteza besi kwanza. Kwa hiyo ukicheza chini, ongeza besi kidogo kwenye ampu na uache kununua vitu.

Maswali ya mafundi. Najua utapita kwa mafundi hapo hapo Kariakoo, na najua kuna mtu atakuambia: "Ya nini kuagiza nje? Nakufungia volyumu hapo katikati, elfu kumi." Mkimbie. Ile volyumu ya redio itaungua, na ikiungua mzigo unakatika, na mzigo ukikatika tunarudi kwenye ile harufu ya sufuria. Hata vile vitufe vya kupunguza twita ya boksi la muziki havikutengenezwa kwa kazi hii. Fundi anayejua kweli anaweza kukutengenezea kasha la rizista, si uchawi. Hata Tom Scholz wa bendi ya Boston, mhandisi aliyesoma MIT, aliuza Power Soak yake iliyojengwa kwa rizista. Lakini fundi wako akuonyeshe rizista za wati kubwa zilizofungwa kwenye bati nene la aluminiamu, akupimie omu mbele ya macho yako swichi ikiwa kila mahali, na asikasirike ukimuuliza. Akikasirika, hajui.

Na kwa kuwa umesema ni mtumba: ulisoma volteji nyuma? Ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, na ukutani kwako TANESCO wanaleta 230. Transfoma ya kushusha umeme ni rahisi kuliko mazishi ya ampu. Valvu nazo huchoka mapema ukizielemea kila usiku, na EL34 si kitu cha kukuta kila duka la Mtaa wa Kongo. Weka akiba ya seti moja.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningekufanyia hivi. Ile ampu ya wati 50 ingeenda kanisani, ikapate nafasi yake. Nyumbani ningekutafutia ampu ndogo ya trenzista yenye tundu la hedifoni, na pedali ya distosheni, upige hadi saa sita. Ukishakusanya hela, nunua kasha la riaktivu lenye hedifoni, la omu zinazolingana, na utapata ule utamu wako. Mchana unapotaka spika ilie, inua boksi kutoka sakafuni, liweke juu ya kiti na kipande cha godoro la sponji chini yake, maana besi inasafiri kwenye zege kuliko hewani. Mchana wa Kariakoo una spika za matangazo, bodaboda na wapiga debe. Gitaa lako litajificha humo.

Usiku hujifichi. Zipo kanuni za kelele za mwaka 2015, na 2022 baraza la mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi kwa ajili hiyo, sembuse chumba. Ila kabla ya kanuni kuna ngazi. Shuka ghorofa moja, jioni, kabla hajalala. Mwamkie shikamoo, nunua changu wawili, umuulize anarudi saa ngapi kutoka Feri na siku gani haendi. Halafu niandikie amesemaje. Na safari hii usisahau kunitajia ampu yako imeandikwa omu ngapi pale nyuma, maana barua yako nzima, kurasa mbili, hukuigusa hiyo namba.