Tochi kwa kazi ya usiku: tupime saa kabla ya kutoa feza

Ndugu wanamemba wa koperative za Shari na za kando-kando ya Bunia, mu musimu wa mavuno kazi haiishake pale jua linazama. Mahindi yanafika ku depo saa moja ya usiku. Mutu wa mizani anataka kusoma namba, mwandishi anataka kuandika kilo za kila mutu mu daftari. Namba moja ikisomwa vibaya, mama mumoja anapoteza kilo kumi za mahindi yake, na kesho yake maneno yanaanza. Lakini koperative nyingi zinanunua tochi kama vile mutu ananunua chumvi: haraka, ile ya bei ya chini kabisa, kisha ingine kiisha miezi miwili.

Juu ya buji na taa ya petroli tusiseme mengi. Mu depo kuko magunia, maganda makavu na vumbi, na vyote vinashika moto. Taa ya moto isiingie mule, hata kama ni kwa dakika tano.

Kwa kazi zetu nyingi, tochi ya kichwa inapita ile ya mukono. Tuchukue mufano wa chanjo ya kuku juu ya ugonjwa wa Newcastle. Muzuri kuifanya usiku, wakati kuku wamelala mu kibanda na hawakimbie. Mutu mumoja anashika kuku, mwingine anafungua jicho na kuangusha tone la dawa. Nani atashika tochi? Tukiwa na tochi ya kichwa, mikono yote miwili iko huru, na mwangaza unafuata macho. Ni vilevile kwa mutu anayesaidia mbuzi kuzaa, ao anayefunga midomo ya magunia.

Hapa kuko jambo moja la kuangalia. Tochi nyingi za kichwa zenye kuuzwa ku soko zinapendwa na wachimba-zahabu. Zinatupa mwangaza mwembamba wenye kwenda mbali. Kwa kuona mwisho wa shimo ni muzuri, lakini kwa kusoma mizani yenye iko mita moja mbele yako, zinaumiza macho na zinaacha kando yote giza. Sisi tunahitaji mwangaza mupana, na kifungo cha kupunguza nguvu. Buji moja inatoa karibu lumeni 12. Tochi ya kichwa yenye kutoa lumeni 30 mpaka 50 za kweli inatosha kabisa kwa mizani, daftari na kibanda cha kuku.

Nimesema «za kweli» sababu ya maandishi ya ku kartoni. Utaona «lumeni 1.000, saa 10». Tufanye hesabu kidogo, haiko nguvu. Ndani ya tochi nyingi za kuchaji kuko betri ya litiamu inayoitwa 18650: upana wake milimita 18, urefu milimita 65. Nguvu yake ni volti 3,7. Kama ni betri ya kawaida ya mAh 2.200, akiba yake yote ni karibu wati 8 kwa saa moja. Sasa, kutoa lumeni 1.000 kunakula karibu wati 10. Ni kama debe la lita 8 lenye bomba la kutoa lita 10 kwa saa: haitafika hata saa moja. Ao mwangaza ni mudogo kuliko wanavyosema, ao saa ni chache. Na betri ya 18650 yenye kuandikwa mAh 9.900, uiache pale pale. Zile nzuri ziko karibu na mAh 3.500. Ipime pia mu mukono: ya kweli ina uzito wa karibu gramu 45. Ile nyepesi sana, ndani yake kuko betri ndogo na nafasi tupu.

Shida hii haiko ya Bunia peke yake. Karibu mwaka 2010, watafiti wa Lumina Project waliuliza watu wenye kutumia tochi za LED mu miji midogo ya Kenya, na wengi walisema tochi zao zilileta shida mbele ya miezi sita kuisha. Programu ya Lighting Africa ya Banki ya Dunia ilianza kupima taa za sola juu ya sababu kama hiyo, na leo kazi ya kupima inaendelea chini ya jina VeraSol. Ukikuta taa yenye ilipita kipimo chao, ni jambo zuri. Lakini ku meza nyingi za soko hautaikuta, basi itabidi tupime wenyewe.

Namna ya kupima ni hii. Koperative inunue tochi moja tu, hata kama muuzaji anapunguza bei kwa kumi na mbili. Ichajiwe mpaka mwisho, ao iwekewe betri mpya. Saa kumi na mbili ya magaribi, mu nyumba yenye giza, iwekwe mita mbili kutoka ku mizani, na iwashwe bila kuzimwa. Kila nusu saa mutu mumoja, na awe yule yule, asome namba za mizani na mustari mumoja wa daftari. Aandike saa yenye alishindwa kusoma. Usingoje mpaka tochi izime kabisa! Tochi za bei ya chini hazizimike mara moja. Zinafifia pole pole, na zinaweza kubaki na mwangaza wa kimulimuli mpaka asubuhi. Muuzaji atasema ilifika saa kumi. Wewe utajua kama ilikutumikia saa tatu.

Kiisha wiki mbili za kazi, rudia kipimo. Kama saa zimepunguka sana, betri yake ni mubaya, na heri kuijua kwa tochi moja kuliko kwa ishirini.

Sasa tuone feza kwa mwaka muzima. Tuseme tochi ya kwanza ni franka 6.000, na inakula betri mbili kubwa za R20. Tuseme betri moja ni franka 1.000 na munazibadilisha kila wiki mbili: ni franka 52.000 za betri kwa mwaka. Pamoja na tochi, 58.000. Tochi ya pili ni ya kuchaji, franka 20.000, tuseme munalipa franka 500 kila wiki kwa mwenye kuchaji simu, ni 26.000. Jumla ni 46.000. Ile iliyoonekana ya bei kali imekuwa ya bei ya chini, lakini kama tu itamaliza mwaka. Ikikufa kiisha miezi sita na munanunua ingine, hesabu inafika 66.000. Muweke bei za soko lenu pahali pa bei zangu. Na kama koperative iko na pano ya sola ya kuchajia simu, tochi ya USB inashinda zote.

Kuko aina ingine ya kuchaji yenye kudanganya watu: ile tochi kubwa yenye meno ya kuingiza ku prize ya umeme. Nyingi ziko na betri ya risasi na asidi, kama ya motokari lakini ndogo. Ukiiacha tupu mu depo mwezi muzima, inaharibika ndani na haitashika tena umeme. Wenye wanaitumia waichaji kila mara baada ya kazi, hata kama haijaisha. Pale umeme unakuja siku moja na kupotea tatu, mimi singeichagua.

Mwangaza mweupe wenye kuelekea bluu unabadilisha rangi. Kwa wenzetu wa Mahagi wenye kupokea kahawa magaribi, tunda jekundu na lile la nusu-mbivu zinafanana chini yake. Tafuta tochi yenye mwangaza wa manjano kidogo. Lakini kuchagua mahindi yenye kuota ukungu, hiyo ni kazi ya muchana, tochi yoyote haitoshi. Kwa mvua, angalia alama IPX4: inaonyesha kama tochi inavumilia maji yenye kuirukia kutoka pande zote. Pasipo alama, fungua kifuniko uone kama kuko mpira wa kuzuia maji.

Kutembea usiku, munajua hali yetu ya Ituri tangu utawala wa dharura wa Mai 2021. Mufuate saa zenye wakubwa wanatangaza, na tochi ya depo ibaki ku depo. Ipewe namba kwa rangi, mutu mumoja aitie saini jioni na asubuhi.

Betri zenye kuisha zisitupwe mu choo, mu shamba la mboga ao mu lundo la mboleo, na zisichomwe. Ziwekwe mu bidoni kavu yenye kufunikwa, mbali na watoto. Ile ya litiamu yenye kuvimba itolewe mu tochi siku ile ile, iwekwe peke yake mu chupa yenye muchanga, inje ya depo.