Je, Jiko Laweza Kutoa Taa? Jaribio la Umeme wa Joto

Sisi wanafunzi wa kutwa tuna shida moja ambayo wenzetu wa bweni hawaijui vyema. Kengele ya jioni ikilia kila mtu hushika njia ya kwao, na masomo ya usiku hutegemea taa aliyo nayo nyumbani. Kwetu hakuna stima. Tunatumia koroboi, na moshi wake humkohoza mdogo wangu hadi mama huamuru izimwe. Wakati huo huo jiko la makaa liko pale pale linawaka, joto linapaa bure. Ndipo nikajiuliza: je, joto hilo haliwezi kugeuzwa kuwa umeme? Jibu fupi ni kwamba linaweza. Jibu refu ndilo somo letu.

ASILI YAKE

Mwaka wa 1821 mwanasayansi Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti zikawa kama pete. Alipopasha moto kiungo kimoja na kuacha cha pili kikiwa baridi, sindano ya dira iliyokuwa karibu ilicheza. Yeye alidhani ni usumaku tu. Hans Christian Ørsted ndiye aliyeeleza kuwa umeme ulikuwa ukipita katika pete ile.

Sababu ni hii. Elektroni za upande wa moto huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo husambaa kuelekea upande wa baridi. Metali mbili hazilingani katika jambo hili, na tofauti yao ndiyo tunayoipima kwa volti. Kule Olkaria, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981, mvuke wa ardhini huzungusha mitambo. Hapa hakuna kinachozunguka hata kidogo.

JARIBIO LA KWANZA: NYAYA

Vifaa: waya wa shaba, waya wa chuma wa kufungia ua, koleo, na mita ya umeme.

Nilisokota ncha za nyaya hizo mbili, nikaweka kiungo juu ya mshumaa. Mita ilionyesha kama milivolti 1. Kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba, nilitengeneza jozi 10 kwa mfululizo: shaba, chuma, shaba, chuma. Viungo vya moto vikaelekea makaa na vya baridi vikatazama nje. Nikapata milivolti 9. Sasa piga hesabu. Kitaa cheupe cha tochi huhitaji karibu volti 3. Kwa nyaya hizi ningehitaji zaidi ya jozi 3,000! Hilo si jiko tena, ni kiwanda.

JARIBIO LA PILI: VIGAE

Mafundi wa redio huuza vigae vidogo vya Peltier, vinavyotumika kupoza friji ndogo. Kigae cha kawaida kina upana wa sentimita 4, na ndani yake mna jozi 127 za nusu-kipitishi kilichotengenezwa kwa bismathi na teluriamu. Kila tofauti ya nyuzi 1 ya Selsiasi hutoa karibu milivolti 50.

Nilisimamisha kipande kinene cha alumini ndani ya karai la maji baridi, nikalaza vigae viwili juu yake, vimeungwa kwa mfululizo. Juu ya vigae nikaweka mkebe wa maji yaliyochemka. Mita ilipanda hadi volti 3.2, na kitaa kikawaka! Mdogo wangu alipiga makofi. Lakini baada ya dakika chache mwanga ulififia, ingawa maji ya juu yalikuwa bado ya moto. Kumbe maji ya chini nayo yalikuwa yamepata joto. Nilipoyabadilisha, taa ilirudi.

Hapo ndipo penye kiini cha somo: umeme huu hautokani na joto peke yake, bali na TOFAUTI ya joto. Ukitaka taa idumu, kazi kubwa ni kulinda upande wa baridi.

TAHADHARI

Usiweke kigae moja kwa moja juu ya makaa, kwani risasi iliyounga jozi zake huweza kuyeyuka. Na usifunge milango na madirisha jiko likiwaka. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua.

HESABU YA KWELI

Kigae kimoja jikoni kikitoa nusu wati, umefanya vizuri. Betri ya simu yenye wati-saa 10 ingehitaji saa 20 za moto. Basi usichome makaa ili upate umeme, utapata hasara. Paneli ya jua itakushinda. Lakini kama chakula kinapikwa kwa vyovyote vile, nusu wati hiyo yatosha kitaa cha kusomea, tena usiku, jua likiwa limelala.

Umeme huu si mchezo wa watoto. Vyombo vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka wa 1977, viliwekewa mitambo ya namna hii inayotumia joto la plutoniamu, kwa sababu huko viendako jua ni hafifu mno.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini taa ilififia ilhali maji ya juu yalikuwa moto?
2. Kigae kikiwa na tofauti ya nyuzi 40, kitatoa volti ngapi?
3. Buni njia ya kupoza upande wa baridi bila kubadilisha maji kila mara. Atakayeipata anijuze, mtihani hauko mbali, na koroboi yetu bado inatoa moshi.